Kipimo chetu ni miguu ya mtoto

Swali lenu la wiki hii ni hili: "Shule za kwenu zilianzaje, na utajuaje kwamba zimekua?" Nusu ya kwanza angeijibu vizuri zaidi bibi yangu mzaa mama, lakini ametangulia mbele ya haki, basi nitasema aliyonisimulia na niliyoyaona. Nusu ya pili ninayo majibu yangu mwenyewe: shule imekua pale safari ya mtoto inapofupika. Majengo nayahesabu baadaye.

Kwetu ni Magu, ukingoni mwa Ghuba ya Speke, kijiji cha pamba na dagaa. Nassa haiko mbali nasi, na ndiko Waanglikana wa CMS, chama cha wamisionari kutoka Uingereza, walikofungua misheni mwaka 1888, hadi 1909 walipoikabidhi kwa Africa Inland Mission. Kusini ya Mwanza, Bukumbi, Mapadri Weupe walikuwa wameshajenga tangu 1883. Kwa Wasukuma wengi kalamu ilianzia kwenye vituo vya namna hiyo, herufi na mafundisho ya dini vikienda pamoja chini ya paa la nyasi. Baadaye makatekista wakasambaa vijijini, na palipokuwa na katekista na kivuli cha mti, watu walipaita shule.

Bibi hakuwahi kukaa chini ya mti huo. Ulikuwa mbali, mtu akitoka alfajiri anafika jua limeshapanda. Kaka zake wawili walipelekwa. Yeye alibaki na jembe na mtungi. Hakuwa akilalamika alipoyasimulia hayo, ila kila mara alitaja umbali kwanza, kabla ya kutaja kwamba yeye ni mwanamke.

Hata Mwalimu Nyerere, mtoto wa chifu, umbali ulimkuta. Alianza shule mwaka 1934 akiwa na miaka 12, Mwisenge, Musoma, kama kilometa 40 kutoka kwao Butiama, ikabidi alale bweni. Huwa nikiliwaza hili nahesabu watoto wasio wa chifu waliobaki Butiama mwaka ule.

Bibi alipata kalamu akiwa mtu mzima. Mwaka 1968 ulianza mradi wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya kanda hii ya ziwa, makao yake Mwanza, Unesco wakishirikiana na serikali. Vitabu vyake vya kujifunzia kusoma vilizungumzia kazi za watu wenyewe: pamba, uvuvi, mifugo, mapishi. Mwaka 1971 Ukerewe, ng'ambo ya ghuba yetu, ilikuwa moja ya wilaya sita zilizoagizwa kufuta ujinga wa kutokusoma kabla mwaka haujaisha. Darasa hilo la watu wazima wenyewe waliliita ngumbaru. Bibi alikuwa akitoka shambani, ananawa miguu, anakwenda na kibatari chake.

Msimu uliofuata alipeleka pamba kwenye mizani ya chama cha msingi. Karani, kama kawaida, akamsogezea kidau cha wino ili aweke dole gumba. Bibi akakirudisha upande wa karani, akaomba kalamu. Akaandika jina lake, herufi moja moja, foleni yote nyuma yake imesimama kimya. Kisha akainama akasoma mwenyewe kilo zake kwenye mizani. Hadithi hii nimeisikia labda mara hamsini na bado naipenda, kwa sababu darasa lilikuwa limemfuata yeye pale alipokuwa, umbali wa kutupa jiwe kutoka jikoni kwake.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma, mji uleule wa Mwisenge, miaka arobaini kamili tangu Nyerere aingie darasa la kwanza, ikaazimia kwamba kufikia Novemba 1977 kila mtoto aliyefikia umri awe shuleni. Hapo ndipo kijiji chetu kikapata shule yake, 1976. Wanaume walizungushia jabali magogo, wakayawasha jioni, moto ukala usiku kucha. Asubuhi akina mama waliojipanga kutoka ziwani walilimwagia maji debe kwa debe, nalo likapasuka kwa kishindo. Vipande vilibebwa vichwani hadi kiwanjani. Ukienda leo ukachuchumaa pembeni ya darasa la kwanza kabisa, upande unaotazama ziwa, utaona mawe ya msingi ambayo uso mmoja bado ni mweusi kwa masizi. Mvua zote hizi hazijayaosha.

Mama yangu alikuwa katika kundi la kwanza. Aliyemfundisha ni kijana aliyekuwa amemaliza darasa la saba tu, akafunzwa ualimu hukuhuku vijijini, nusu siku anafundisha na nusu siku anasoma. Walimu wa UPE, mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, wamesemwa vibaya sana, na mimi hilo huniuma. Ni kweli walikuwa wachache wa maarifa. Lakini nchi ilitaka mamia ya maelfu ya watoto waingie darasani kwa mkupuo, na vijana hawa ndio waliokubali kukaa mahali ambapo wenye vyeti vikubwa hawakufika. Mama anasoma, anaandika, anakokotoa. Wa kumshukuru ni yule kijana.

Miaka ya themanini na tisini siwezi kuisifu. Madawati yalivunjika hayakutengenezwa, ada ikaondoa watoto. Ada ilipofutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza 2002, darasa letu lilifurika.

Sekondari ndiyo iliyochelewa, na hapo umbali ulitugharimu kweli. Dada yangu alichaguliwa kidato cha kwanza 2003, shule ya kutwa kilometa 22 kutoka nyumbani. Bweni hakuna. Baba akampangia chumba kule, geto kama wenyewe wanavyoliita, mlango wa bati na kufuli dogo. Ana miaka kumi na mitano, anajipikia, anajilinda, sukari ikiisha anamtazama nani? Hakufika kidato cha nne. Sitaeleza zaidi kwa sababu ni maisha yake, lakini naomba mtu asiniambie kwamba dada yangu "alishindwa shule". Alishindwa na kilometa 22.

Shule ya kata ilifunguliwa kwetu 2007. Mwaka uliofuata niliingia, nikitembea kilometa sita, na jioni nilikula ugali wa mama. Hesabu tulifundishwa na mwalimu mmoja kwa vidato vinne, maabara ilikuwa boma lililoishia renta, kuta bila paa. Watu wa mjini waliziona shule hizi ni hasara. Mimi nililala kwetu miaka minne, nikamaliza, leo ni mhasibu hapa Mwanza. Tofauti yangu na dada haiko kichwani; yeye ndiye aliyekuwa ananifundisha kugawanya.

Kazi hiyo haijaisha. Ng'ambo ya mto, kwenye kitongoji kilichokua kwa sababu ya mwalo, pale wavuvi wanaposhushia samaki, ipo sasa shule shikizi, inayosimamiwa na shule yetu mama. Mwaka 2021 serikali ilitangaza madarasa 15,000 kwa fedha za Uviko, 3,000 kati yake yakiwa ya shule shikizi, na mawili yalifika pale. Wanasoma awali hadi darasa la tatu. Wa darasa la nne wanarudi kuvuka mto, kilometa tano, na masika maji yakijaa wanakaa nyumbani wiki nzima.

Nilikwenda Januari. Wananchi wamenyanyua boma la tatu hadi renta, linasubiri kupauliwa. Nilimuuliza mwenyekiti wa kitongoji wangependa lipi lianze fedha ikipatikana, akaniambia nyumba ya mwalimu. Walimu wawili wa pale wamepanga huku kijijini kwetu, nao wanavuka mto uleule. Mto ukijaa hata wale wadogo wanaoishi hatua mia kutoka darasani wanakuta mlango umefungwa. Mchango wetu sisi wa huku mjini tumeuelekeza huko. Mawe yapo tayari, saruji tumefikisha mifuko 31, na chumba cha kwanza tunataka kiwe na bati kabla ya masika.