Mnaoanza kufunga jenereta za gesi, anzieni kwenye mtungi

Haya vijana, tangu ule mgao wa umeme wa 2023 naona wengi mmeingia kwenye kazi ya kubadilisha jenereta za petroli zitumie gesi, na ni kazi nzuri tu, ila karibu kila jenereta ninayoitwa kuikagua baada ya fundi mwingine kuondoka vifaa vimefungwa sawasawa, shida ni gesi haifiki ya kutosha. Fundi kashughulika na injini siku nzima, mtungi hajauuliza kitu.

Kwanza mzigo. Usimuulize mteja "jenereta yako ni kilowati ngapi" maana atakusomea ile namba kubwa iliyobandikwa ubavuni, na ile mara nyingi ni ya sekunde chache tu. Zunguka nyumba mwenyewe, friji, friza, taa, tivii, pampu ya maji. Pampu ya nguvu farasi moja ikishatembea inakula kama kilowati moja hivi, lakini pale inapowaka inavuta mara tatu au zaidi, na hapo ndipo jenereta inapozimika mteja anakupigia simu anasema gesi yako mbovu. Halafu kumbuka injini ikihamia gesi inapungua nguvu, kwa gesi ya mtungi toa kama asilimia 10, kwa gesi asilia ya bomba toa 20 mpaka 25. Kama kwenye petroli ilikuwa inabeba kwa kubanabana basi kwenye gesi haibebi, mwambie kabla hujapokea advansi.

Ulaji sasa. Kilo 1 ya gesi ya mtungi inafanya kazi ya petroli lita 1.4 hivi. Jenereta ndogo ikibeba kilowati 2 itakula karibu kilo moja kwa saa, ikibebeshwa 4 na kitu inakaribia kilo mbili. Kwahiyo mtungi wa kilo 15 kwenye mzigo wa kawaida wa nyumba ni kama masaa 15, na mteja akikuuliza ataokoa shilingi ngapi chukua bei ya kilo ya gesi ya siku hiyo ilinganishe na lita 1.4 za petroli, usimdanganye nusu kwa nusu, kwa gesi ya mtungi tofauti mara nyingi siyo kubwa kihivyo. Faida yenyewe iko kwingine: gesi haichachi. Petroli ukiiacha kwenye kabureta miezi kadhaa inaganda utando, siku umeme umekatika unavuta kamba mpaka bega linauma, gesi inakusubiri hata mwaka.

Hapa kwenye mtungi nakaa kidogo maana ndipo wengi mnaanguka. Ndani ya mtungi gesi iko kama maji (siyo maji ya kunywa, ni gesi yenyewe imekuwa kimiminika), injini inataka mvuke, na ili yale maji yageuke mvuke yanahitaji joto, yanalichukua kwenye chuma cha mtungi na hewa ya nje. Ukivuta haraka kuliko joto linavyoingia mtungi unapoa, unatoka jasho, ukizidi unashika barafu kwa chini, presha inashuka na injini inaanza kupumua juu chini wakati gesi bado imejaa. Mtungi wa kilo 6 kwenye jenereta kubwa ni kujisumbua tu, hata wa 15 ukishafika nusu unachoka kwenye mzigo mkubwa. Unganisha miwili ya 15 ivutwe pamoja au mteja anunue wa 38. Dar joto linatusaidia, nenda kafunge Njombe mwezi wa saba uone. Na mtungi usimame wima siku zote, ukiulaza yanakwenda maji badala ya mvuke, na nisisikie mtu anaupasha mtungi kwa moto, beseni la maji ya kawaida linatosha.

Regulata ya jikoni nayo ni mtego. Soma imeandikwa kilo ngapi kwa saa, nyingi ni 1 mpaka 1.5, jenereta inataka 2, sasa hapo unategemea nini? Ile regulata nyingine ya duara inayokaa karibu na injini ndiyo inaachia gesi injini inaponyonya tu, injini ikizima inafunga, usiiruke hata kama mteja anabana hela.

Wenye bomba la gesi asilia, kama baadhi ya nyumba za Mikocheni au Mtwara, hawana habari ya mtungi, ila gesi ile kwa ujazo ina nguvu kama mara mbili na nusu chini ya ya mtungi, kwahiyo skrubu ya gesi, ile ya kuongeza na kupunguza gesi inayoingia kwenye injini, inafunguliwa zaidi. Na mtu akikuletea mtungi wa gari la gesi kataa, ule ni bar 200, vifaa vyako haviujui.

Dizeli usiguse, haina plagi ya kuwasha.

Wakati wa kuwasha, ianze na petroli uone kama injini yenyewe nzima, kisha funga koki ya petroli iache inywe iliyobaki kwenye kabureta mpaka ianze kukata ndo uhamie gesi, ukichanganya zote mbili itatoa moshi mweusi na utailaumu skrubu bure. Skrubu irekebishe ikiwa na mzigo, siyo ikiwa tupu, mita ya hezi (inayopima mawimbi ya umeme kwa sekunde) mkononi, ikibeba isishuke chini ya 48. Viungo vyote paka povu la sabuni. Mtungi ukae nje mbali na jenereta, siyo kwenye shimo wala chini ya ngazi, gesi hii nzito inalala chini. Na moshi wa gesi hauna harufu kali kama wa petroli lakini unaua vilevile, jenereta haikai barazani wala karibu na dirisha.

Kabla hujaondoka pima mtungi kwenye mzani, washa vitu vyote vya nyumbani kwa saa moja, pima tena, andika kilo zilizopungua kwa marker pen pale pale kwenye jenereta.