Hamira na maji ya Tudor: chunguza chumvi kwanza

Mdogo wangu, umeuliza kama hamira yako kuchelewa kuumuka kwenye maji ya mkono wa bahari wa Tudor, Mombasa, ni ushahidi wa sumu. Bado si ushahidi. Maji yale ni ya bahari, na chumvi peke yake huinyang'anya seli ya hamira maji na kuipunguzia kasi ya kukua. Tengeneza chupa nyingine ya maji safi yenye chumvi kiasi kilekile, kisha linganisha.

Ila swali lako ni zuri sana. Metali nzito huizuia hamira kweli. Kadmiamu hujipenyeza kupitia milango ambayo seli huitumia kuingiza zinki, kisha hung'ang'ania glutathioni, kinga ya seli dhidi ya oksijeni kali. Kinga ikiisha, protini na DNA huharibika, na seli husitisha kugawanyika ili ijikarabati kwanza. Kwenye chakula kizuri na joto la nyuzi 30 hujigawa kila baada ya dakika 90 hivi. Kwenye sumu muda huo hurefuka, au seli hufa. Shaba ni tofauti: kidogo inahitajika, nyingi inaua. Hamira yenye nakala nyingi za CUP1, jeni ya protini inayoikamata shaba, huistahimili zaidi, kwa hiyo tumia pakiti moja kwa chupa zote.

Na usipime povu tu. Povu ni gesi, si idadi ya seli. Omba hadubini shuleni, uzihesabu.