Maswali ya Wasomaji: Maji yanapungua tangini, chumvi inabaki

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi niko Mwanga hapa Kigoma, nina tangi la lita 120 lenye samaki mono wanne, wale wa rangi ya fedha wenye mistari myeusi kichwani, shemeji aliniletea kutoka Dar. Muuzaji alisema niwaweke kwenye maji ya chumvichumvi, gramu 9 kwa lita, nikafanya hivyohivyo. Kila wiki maji yanapungua kama lita 6 narudishia lita 6 nilizokoroga na gramu zilezile 9. Sasa ni miezi miwili na kitu, samaki wanahemea juujuu, chakula wanagusa tu wanaacha, na kwenye kioo kule juu kumeganda unga mweupe. Chumvi imezidi au? Na kubadilisha maji ndo nafanyaje, maana naongeza kila wiki ila kuyatoa sijawahi.
Msomaji, Mwanga

JIBU: Salama ndugu yangu. Swali lako lina mambo mawili na watu wengi wanayachanganya, kuongezea maji na kubadilisha maji, hizo ni kazi mbili tofauti kabisa.

Tuanze na kuongezea. Maji yakikauka kwa joto yanaondoka maji matupu, chumvi haiendi popote, ni kama mchuzi uliosahaulika jikoni, unapungua huku unazidi kuwa na chumvi. Huo unga mweupe kwenye kioo ni chumvi hiyohiyo, maji yalirukia pale yakakauka. Sasa piga hesabu: lita 120 kwa gramu 9 ulianza na gramu 1,080. Kila wiki ukaongeza lita 6 zenye gramu 54. Wiki kumi ni gramu 540 za ziada, maana yake saa hizi uko kwenye gramu 13 na nusu kwa lita, nusu nzima zaidi ya ulivyopanga. Kwa hiyo maji yakipungua rudishia maji matupu yasiyo na chumvi, basi. Chora alama kwenye kioo kwa kalamu ya wino usiofutika, kila asubuhi ukiona yameshuka unajazia mpaka pale.

Ila mi sidhani chumvi ndo inawahemesha. Mono ni samaki wa mikokoni na midomo ya mito, akikua hata bahari kamili yenye gramu 35 anaishi vizuri tu, gramu 13 hazimtishi. Kinachonitia wasiwasi ni hiyo sentensi yako ya mwisho, kwamba hujawahi kutoa maji. Kinyesi na mabaki ya chakula yanatoa amonia, sumu kwa samaki, filta yenye bakteria wa kutosha inaigeuza kuwa naitreti, isiyo kali kama amonia, na naitreti inazidi kujaa humo ndani mpaka uitoe kwa mkono wako. Na sie wa Kigoma tuna jambo letu la ziada, maji ya ziwa pH yake (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, 7 ndo katikati) inakaribia 9. Kwenye pH 7 amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki asilimia 1 ya yote iliyomo, kwenye 9 inapita robo. Uchafu uleule ambao mtu wa maji mengine angevumilia, kwako unachoma mashavu ya samaki. Kama una vipimo vya amonia pima leo, kama huna badilisha maji leoleo usingoje vipimo. Na ongeza pampu ya hewa, maji ya joto na yenye chumvi yanabeba oksijeni kidogo kuliko maji matupu ya baridi.

Kwa kuanzia usirudishe chumvi chini kwa pupa, hao bakteria wa filta hawapendi kushtuliwa. Toa lita 15 weka lita 15 za maji matupu, pumzika siku mbili tatu, rudia, mpaka mara tatu, utajikuta umerudi karibu na 9.

Baada ya hapo ndo utaratibu wa kila wiki, robo ya tangi, lita 30. Siku moja kabla jaza chombo safi kisichowahi kuona sabuni, kama ni maji ya bomba yaache yakae na pampu ya hewa ili klorini itoke, tia gramu 270 za chumvi (pima kwa mizani ya jikoni, vijiko vinadanganya), koroga, acha ilale usiku. Asubuhi pima kwa haidromita (kifaa kinachoelea kupima uzito wa maji, chumvi ikizidi kinasoma juu), kwa gramu 9 itasoma kati ya 1.005 na 1.007 kutegemea imetengenezwa kwa joto gani, na linganisha na ile ya tangini. Zima filta, na hita kama unayo. Vuta maji ya zamani kwa mpira, ncha yake ichomeke kwenye kokoto maana uchafu umelala pale, utaona maji ya kahawia yanapanda kwenye mpira, yakianza kuwa meupe sogea sehemu nyingine. Maji mapya mimina kwa jagi taratibu. Sponji ya filta ikamue kwenye beseni la maji uliyotoa, sio bombani. Na chumvi kavu usiimwage tangini samaki wakiwemo, nimeona watu wanafanya hivyo na inamuunguza samaki anayeikimbilia akidhani ni chakula.

SWALI: Chumvi ya baharini ya dukani ni ghali na mpaka uagize. Chumvi ya Uvinza haifai?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Kwa ugali na migebuka inafaa sana. Kwa tangi ni nusu jibu. Chumvi ya Uvinza inatoka kwenye chemchemi za huko na watu wameichemsha karne na karne, lakini ikishafika sokoni kikubwa kilichomo ni sodiamu na kloraidi. Kwenye chumvi ya bahari hizo mbili ni kama asilimia 85, inayobaki ni magnesiamu, salfeti, kalsiamu, potasiamu na vinavyoshikilia pH isiyumbe. Bahati yako maji ya ziwa yana magnesiamu na baikaboneti zake, kwa hiyo mzigo ukichelewa wiki mbili tumia ya Uvinza, hamna atakayekufa. Kwa kudumu agiza ya bahari, na usishangae bei, kwa gramu 9 mfuko mmoja unakaa karibu mara nne ya anayefuga samaki wa bahari kamili.

SWALI: Maji ninayotoa yana mbolea ya samaki, nimwagilie mchicha?
Msomaji, Tabora mjini

JIBU: Hapana, chumvi itabaki kwenye udongo na mchicha utanyauka. Mwaga kwenye karo la choo. Na wa huku Kigoma mnaosoma hili, ziwani msimwage, na mono akikushinda kumlisha usimpeleke mwaloni Kibirizi kumwachia, mtafutie mtu mwenye tangi kubwa.