Neno ninalolitaka ni Aussprache

Wiki hii mmetuuliza ni neno gani la kigeni ambalo msomaji angependa Kiswahili kiwe nalo. Langu ni la Kijerumani: Aussprache.

Nililijua kwanza darasani, mjini Hamburg, kwa maana ya matamshi. Mwalimu hakuchoka kunirudisha kwenye ü na ch. Baadaye nikapata kazi katika makao ya wazee. Jioni moja mwenzangu wa zamu akaniambia, tena uso mkavu, kwamba sisi wawili tunahitaji Aussprache. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Nikadhani wazee wamelalamika kuwa hawanielewi. Usiku ule nilikaa mbele ya kioo nikitamka maneno hadi koo likaniuma.

Kesho yake alimimina kahawa vikombe viwili, akafunga mlango. Kumbe kwa wiki kadhaa alikuwa na jambo moyoni kuhusu tulivyogawana zamu za Jumamosi na Jumapili, na alihisi mimi pia ninalo. Nilikuwa nalo kweli. Tulizungumza karibu saa nzima, na hakuna aliyemkatiza mwenzake. Neno lile lile la matamshi ndilo pia la watu kutoleana dukuduku. Kitenzi chake, aussprechen, ni kutamka, na ni kusema mpaka mwisho: Mjerumani ukimdakia maneno hukwambia “lass mich aussprechen”, niache nimalize.

Mtasema dukuduku tunalo. Tunalo, na kulitoa tunajua. Ila kwetu mara nyingi hupitia kwa mtu wa tatu: shangazi, somo, jirani mwenye busara. Au mtu hununua kanga yenye jina linalosema yote, akapita nayo mbele ya mhusika. Naipenda hekima hiyo, nimelelewa nayo. Lakini Aussprache haina mjumbe. Ni wawili, ana kwa ana, na kila mmoja ameshaambiwa mapema anaendea nini.

Wajerumani wana mengine mazuri. Klatsch ni umbeya, na neno lenyewe lina mlio wa kofi. Yale maneno mawili matatu ya mzazi na mwalimu wa chekechea wakati wa kumchukua mtoto huitwa Tür-und-Angel-Gespräch, mazungumzo ya mlango na bawaba. Huku kaskazini soga ni Klönschnack, na nyumba za kale zina Klöntür, mlango uliokatwa katikati: unafungua nusu ya juu, unaegemea ya chini, unapiga soga na jirani. Nilipouona wa kwanza nilisimama nikaukumbuka ukuta wa Mji Mkongwe, Zanzibar, na baraza zake za kukalia.

Yule mwenzangu nami nilimpa neno. Siku hizi akiwa na jambo huniachia kikaratasi kwenye kabati langu, kimeandikwa “dukuduku” tu, nami naweka maji ya kahawa jikoni.