Sheikh, elfu ishirini ya msanii ni zawadi au rushwa?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi mtangazaji wa kipindi cha muziki kwenye redio moja ya biashara hapa Unguja. Mwezi huu meneja kaondoka, wiki haijesha mkuu wa vipindi nae kaondoka, na hatukuambiwa sababu. Mitaani wanasema walikua wanakula pesa za wasanii ili nyimbo zao zipigwe. Mie mwenyewe nshatumiwa elfu ishirini mara mbili kwenye simu, moja kutoka kwa kijana wa kikundi cha kaswida cha Wete, nyengine kwa promota wa msanii wa hapa mjini. Mshahara miezi miwili hatujaona. Wenzangu wanasema ile ni takrima tu. Nifanyeje, na barazani wakiniuliza habari za mabosi nijibu nini?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah mwanangu. Swali lako nimekaa nalo siku tatu kwa sababu halikuhusu wewe peke yako. Hukumu ya muziki wenyewe nshaisema sana, leo tuseme pesa. Na kwamba rushwa ni haramu hapana asojua, Mtume (SAW) kamlaani mtoaji na mpokeaji, tupite. Tabu ipo kwenye hilo neno walokupa wenzako, takrima.

Neno hili lina historia yake, lilitiwa mpaka kwenye sheria ya uchaguzi wagombea wakawa wanagaia watu pilau na kanga kwa jina la ukarimu, mpaka Mahakama Kuu ya Tanzania ikayafuta mambo hayo 2006. Kwa hiyo usione jina zuri ukadhani na kitu kizuri. Yupo mtu Mtume (SAW) alimtuma kukusanya zaka, Ibn Lutbiyya, karudi akasema hiki chenu na hiki mie nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari akasema kwa nini asikae nyumbani kwa babake au mamake tuone kama atapewa zawadi? Iko Bukhari na Muslim. Basi na wewe jiulize, ungekua unauza urojo Forodhani yule promota angekutumia elfu ishirini? Angekula urojo wako na chenji yake akaidai. Ile pesa hajakupa wewe, kaipa hiyo maikrofoni ulowekwa mbele yake, na maikrofoni si yako.

Wengine watakwambia msanii katoa kwa radhi yake. Radhi gani! Mie mwenyewe Ramadhani moja niliombwa "mafuta ya gari" na mtu wa kituo kimoja ili darsa letu liingie hewani, na ndo darsa, si dansi. Nilitia mkono mfukoni nikatoa elfu kumi, kisha nikairejesha mfukoni, darsa halikurushwa. Sasa watoto wa kaswida wa Wete, ambao hata nauli ya boti mpaka Unguja wanachangishana, hao wana radhi gani, ile ni sawa na mtu alofungiwa mlango wa haki yake akalipa ufunguliwe. Na mwenye kutoa kwa kulazimika kupata haki yake maulamaa wengi wamempa udhuru, dhambi inabaki kwa mpokeaji. Yaani kwako, na nakwambia kwa mapenzi.

Halafu ile ya "dunia nzima wanafanya". Kweli wanafanya, na Marekani wakaipa jina, payola, na walioshikwa wakaaibika. Alan Freed, dijei mkubwa wa rock and roll, kituo chake kilimtaka mwaka 1959 asaini karatasi kua hajapokea kitu, akakataa, akafukuzwa, na 1962 akakiri mahakamani akatozwa faini ya dola 300. Mia tatu tu, lakini kazi ilishamalizika, na 1965 akafa na umri wa miaka 43. Na sheria yao ya 1960 haikusema redio isilipwe, imesema msikilizaji aambiwe kua hii imelipiwa. Hapo wamekaribia na sisi. Msanii akenda ofisini akanunua muda kwa risiti, pesa ikaingia kwa kituo, na hewani mkasema hichi kipindi kimelipiwa, hiyo ijara, yaani malipo ya kukodi, haina neno. Haramu ni ile ya chini ya meza, wewe unasema "ngoma kali wiki hii" na wasikilizaji wanakuamini, kumbe ukali wake ni elfu ishirini. Hapo na uongo umeingia.

La mshahara limeniuma. Bukhari ipo hadithi qudsi, Allah anasema atakua mgomvi wa watu watatu siku ya Kiyama, mmoja wao alieajiri mtu akamaliza kazi yake asimlipe. Mwenye redio aisome hiyo kabla hajatafuta mchawi wa rushwa, maana mtangazaji mwenye njaa ni rahisi kununuliwa. Lakini deni lako liko kwake, haliko kwa watoto wa Wete. Mdai kwa maandishi, akikataa nenda ofisi ya kazi.

Kuhusu mabosi, ulichokiona wewe ni kuondoka tu. Mtu huondoka kwa ugonjwa, kwa kazi nyengine, kwa kugombana na tajiri. Barazani jibu ni "sijui", na kwenye grupu la WhatsApp usijibu kabisa, Mtume kasema inamtosha mtu uongo kusimulia kila alosikia. Ikiwa una ushahidi wa macho, pahala pake ni ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa hapa Zanzibar, sio kwenye kahawa na kashata.

Pesa sasa. Ya kijana wa Wete mrejeshee yeye, yote, na umuombe radhi, na kama kaswida yake nzuri ipige bure. Ya promota maulamaa wamekhitalifiana, wapo wanaosema arejeshewe, mie nafuata wanaosema itolewe kwa masikini, maana alitaka kuwaruka wenzake kwenye foleni, tusimpe tena mtaji. Huna yote leo, toa kidogo kidogo.

Alkhamisi baada ya Alasiri njoo na hiyo simu, tuzitizame meseji pamoja kabla hujazifuta.