Maswali kwa mwalimu wa malezi

Mwanangu wa kidato cha pili ametoroka shule mara sita mwezi huu. Sasa wamempeleka kwa mwalimu wa ushauri nasaha. Ina maana ana kichaa? (Mama, Morogoro)

Hata kidogo, mama. Nilikuwa na kijana aliyekosa kila Jumatano. Tulimchapa, Jumatano iliyofuata hayupo. Siku moja nikamkalisha kwenye benchi chini ya mwembe, nyuma ya jiko. Akabandua magamba ya mti weee, mpaka akasema: Jumatano ni siku ya gulio, yeye ndiye anayesukuma mkokoteni wa bibi yake, na bila hela ile hawali. Viboko vyake vyote tuliviandika kwenye daftari la adhabu. Habari za bibi hatukuwa nazo popote. Mwache mwanao aende akaulizwe.

Nikimweleza mwalimu siri yangu, atamwambia mama? (Binti, miaka 16)

Mambo ya mapenzi, masomo, ugomvi na rafiki hubaki kwake, mwanangu. Lakini kama kuna mtu anakuingilia au anakuumiza, au unawaza kujidhuru, hawezi kunyamaza. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka taarifa za dhuluma zifikishwe serikali za mitaa. Mwalimu anayeijua kazi yake atakwambia hayo kabla hujaanza kusimulia. Kama bado humwamini, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure.

Nina vipindi 26, na juu yake nimepewa ushauri nasaha. Ofisi sina. Nianzie wapi? (Mwalimu mpya)

Pole, na karibu. Anza na fimbo. Kwa kanuni za 2002, mwenye mamlaka ya viboko ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Mwombe asikuteue wewe, maana uliyemchapa asubuhi hatakuja kukulilia mchana. Ofisi si lazima, kivuli kinatosha, ilimradi si ofisi ya walimu. Na usimwite mtoto kwa jina mstarini! Shule nzima itajua kabla ya saa nne.

Binti yangu amejifungua. Atarudi shule? (Baba)

Ndiyo, ruhusa ipo tangu Novemba 2021, ila muda ni miaka miwili tangu alipoacha. Mpeleke kwa mwalimu wa malezi kabla ya siku ya kwanza, wakubaliane atakamulia wapi maziwa na nani atamwazima madaftari.