Seva moja ofisini na eksteno imechomekwa muda wote: yaliyotukuta sisi

Mkuu nimekusoma. Umesema ofisi ina watu 9, seva moja (kompyuta kuu) ya Windows yenye programu ya mauzo na uhasibu, bakapu (nakala ya akiba) inaenda kila usiku kwenye eksteno, yaani diski ya nje, iliyochomekwa nyuma ya seva, na bosi wako anasema hiyo inatosha. Haitoshi. Nakujibu kwa urefu kwasababu sisi tulikuwa hivyohivyo kabisa na yalitukuta.

2019 nilikuwa naangalia mitambo ya duka la jumla la vipuri vya magari pale Kariakoo. Bosi alitaka awe anaona mauzo akiwa safarini, nikamfungulia rimoti desktopu (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) moja kwa moja kwenye ruta, poti 3389 ileile, yaani mlango wake wa kawaida ambao kila mtu anaujua, paswedi ni jina la duka na mwaka. Ikakaa hivyo miezi. Jumatatu moja asubuhi keshia ananipigia, fundi programu haifunguki, nafika nakuta kila faili limeongezwa mkia wa herufi nisizozijua na kwenye skrini kuna maandishi yanadai bitcoin. Nikakimbilia eksteno. Taa yake inawaka vizuri tu, nafungua folda ya bakapu, mafaili yote yapo, na yote yana mkia uleule. Nilikaa chini pale sakafuni.

Hapo ndo uelewe kitu kimoja mkuu, kirusi cha namna hii, kinachofunga mafaili kisha kinadai hela (ransomware), hakibagui bakapu na kazi, diski yoyote ambayo seva inaweza kuiandikia na chenyewe kinaiandikia. Eksteno iliyochomekwa muda wote ni sehemu ya seva. Na hata kama si kirusi, ikipigwa shoti au mwizi akibeba seva usiku, anabeba na kilichochomekwa.

Kilichotuokoa hakikuwa mpango wangu. Dada wa uhasibu alikuwa ameomba nakala aende kumalizia ritani za VAT nyumbani, akaondoka nayo kwenye eksteno yake ndogo kwenye mkoba, ameizungushia kitambaa cha kitenge isikwaruzwe. Nakala hiyo ilikuwa ya siku 19 nyuma. Tukapiga Windows upya, tukarudisha ya siku 19, halafu watu 4 tukakaa wiki nzima tunaingiza mauzo kutoka kwenye delivari noti, na sisi tulikuwa tunabaki na ile nakala ya tatu ya pinki ambayo wino wa karboni haupiti vizuri, namba za vipuri tunazisoma kwa tochi ya simu. Kila siku tukimaliza tunalinganisha jumla na ripoti ya Z (jumla ya mauzo ya siku) ya mashine ya EFD ya siku ile, isipolingana tunarudia boksi zima. Hela ya mauzo tuliipata karibu yote. Madeni ndo yalituumiza, wapo wateja waliopunguza deni kwa simu na hakuna karatasi, ikabidi tukubali wanavyosema wao.

Sasa wewe fanya hivi. Nunua eksteno mbili, moja bandika stika nyekundu nyingine bluu. Moja inachukua bakapu usiku, asubuhi inachomolewa, na kila Ijumaa zinabadilishana, ya wiki ile inaondoka jengoni, inalala nyumbani kwa mtu mnayemwamini. Zifunge kwa BitLocker (kufuli la diski la Windows) maana ipo siku itasahaulika kwenye daladala, na ule ufunguo wa kuifungulia uuprinti ukae sehemu nyingine, usiuhifadhi ndani ya seva hiyohiyo. Na usikopi folda ya databesi huku programu ipo wazi watu wanauza, unaweza kupata kopi isiyofunguka, tumia kitufe cha bakapu cha programu yenyewe ndo faili lake ulikopi.

Nakala ya tatu peleka klaudi (hifadhi ya mtandaoni) kama bando linaruhusu, ila piga hesabu kwanza. GB 100 kwa spidi ya Mbps 5 ni kama saa 44 bila kukatika, na kuzishusha siku ya msiba ni hivyohivyo, kwahiyo klaudi weka databesi na hati za muhimu, mapicha ya bidhaa yaache kwenye diski. Halafu folda inayojisawazisha yenyewe na klaudi usiiite bakapu, faili likiharibika ofisini lililoharibika ndo linapanda juu, labda uwe na uhakika inatunza matoleo ya nyuma na ya siku ngapi. Wala usiweke kila kitu sehemu moja ukaridhika, Machi 2021 jengo la seva la OVH, kampuni ya kukodisha seva, kule Strasbourg, Ufaransa, liliungua na wapo wateja waliopoteza seva pamoja na bakapu kwasababu zote zilikuwa palepale.

Rimoti desktopu kama na nyie mmeifungua, funga leo, yaani kabla hujamaliza kusoma. Bosi akitaka kuona akiwa nje aingie kwa VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi), na akaunti ya keshia isiwe administreta, yaani yenye mamlaka yote.

Umeme pia usiudharau, tatizo kubwa ni pale unaporudi kwa kishindo. UPS, lile boksi la betri ya akiba, inakupa dakika chache tu za kuzima kwa heshima, kwahiyo chomeka ule waya wake wa USB kwenye seva ijizime yenyewe hata kama hamna mtu. Betri yake inakufa kimyakimya, jioni moja kila baada ya miezi kadhaa zima kila kitu, chomeka taa ya kawaida kwenye UPS, chomoa UPS ukutani uone inashika dakika ngapi. Na seva itoe sakafuni na chini ya AC.

Ila yote haya hayana maana kama hujawahi kurudisha. GitLab, kampuni ya watu wa programu kabisa, Januari 2017 walifuta databesi kwa makosa wakaja kugundua njia zao 5 za bakapu hakuna iliyokuwa inafanya kazi inavyotakiwa, wakaokolewa na nakala iliyochukuliwa kama masaa 6 kabla kwa shughuli nyingine. Wenyewe waliandika hadharani.

Kwahiyo Jumamosi hii mkishafunga, chukua laptopu isiyotumika, ichomoe kwenye mtandao, weka programu kuanzia kwenye sidii au fleshi (hapo ndo utajua kama leseni namba mnayo au ilikuwa kwa fundi aliyeondoka), rudisha bakapu ya jana. Fungua deni la mteja mmoja mkubwa, ulinganishe na la kwenye seva shilingi kwa shilingi. Shika saa tangu unaanza mpaka keshia anaweza kutoa invoisi. Zile saa andika kwenye karatasi umpelekee bosi, muulize duka linaweza kukaa limefungwa muda huo au hapana, na kazi ya siku ngapi yuko tayari kuirudia kwa mkono. Majibu yake ndo yatakwambia ununue nini.

Ukikwama kwenye kurudisha andika hapahapa ujumbe unaotokea kama ulivyo, nitakuwepo Jumamosi jioni.